Mteja awe na uwezo wa kuzima Wi-Fi ya ruta yake, na akiizima izimike kweli

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua za wasomaji nizungumzie jambo linaloonekana dogo, ingawa linagusa kila nyumba iliyounganishwa na intaneti ya faiba au ya waya wa simu. Jambo lenyewe ni uwezo wa mwenye nyumba kuzima mawimbi ya Wi-Fi yanayotoka kwenye ruta yake, huku intaneti yenyewe ikiendelea kupatikana kwa njia ya waya. Ninaandika kwa sababu mara kwa mara huwasaidia ndugu, majirani na wafanyakazi wenzangu kurekebisha ruta zao, na karibu kila anayeniuliza namna ya kuzima Wi-Fi hugundua kwamba kampuni iliyompa kifaa haikutarajia kabisa kuwa mteja angependa kufanya hivyo. Hoja yangu ni kwamba ruta iliyomo nyumbani kwa mtu inapaswa kuwa na swichi ya kuzima redio zake, swichi hiyo ieleweke bila kumwita fundi, na mteja akishaizima, kampuni isiiwashe tena bila idhini yake.

Sanduku tunaloliita ruta limekusanya kazi kadhaa ndani ya ganda moja. Kuna sehemu inayopokea intaneti kutoka kwenye faiba au waya wa simu, kuna sehemu inayoigawa kwa vifaa vya nyumbani, kuna matundu ya kuchomekea waya, mara nyingi manne, na kuna redio, ambazo siku hizi huwa mbili au tatu: moja hurusha katika masafa ya gigahezi 2.4, nyingine katika gigahezi 5, na ruta mpya zaidi zina ya tatu katika gigahezi 6. Kuzima redio hakugusi sehemu nyingine zilizobaki. Kompyuta iliyochomekwa kwa waya, televisheni iliyochomekwa kwa waya na simu ya mezani inayopitia kwenye ruta huendelea kama kawaida. Tena waya mara nyingi hufanya kazi vizuri kuliko Wi-Fi, kwani waya wa kawaida wa daraja la Cat 5e hupitisha gigabiti 1 kwa sekunde hadi umbali wa mita 100, na kasi yake haipungui kwa sababu ya ukuta wa zege au ruta ya jirani.

Nasema haya mapema kwa sababu ushauri anaopewa mara nyingi mtu anayetaka kuzima Wi-Fi ni kuchomoa ruta kwenye umeme. Ushauri huo unamnyima vyote kwa pamoja: Wi-Fi, intaneti ya waya na simu ya mezani. Kwa wanaotumia intaneti ya waya wa simu kuna hasara nyingine isiyosemwa. Mitambo ya kampuni hufuatilia uthabiti wa laini, na laini inayokatika mara kwa mara inaweza kuhesabiwa kuwa mbovu na kupunguziwa kasi ili itulie. Anayechomoa ruta mara kadhaa kwa siku, basi, anaweza kujikuta na intaneti ya polepole bila kujua kwamba chanzo ni mkono wake mwenyewe. Mwenye faiba hana wasiwasi huo, lakini naye hupoteza masasisho ya programu ambayo kampuni nyingi huyatuma usiku, na masasisho hayo ndiyo yanayoziba mianya ya usalama.

Ushauri wa pili unaopotosha ni ule wa kuficha jina la mtandao. Watu wengi wakiona jina limetoweka kwenye orodha ya simu huamini kwamba Wi-Fi imezimwa, au angalau imefichika kwa wasiohusika. Ukweli ni kwamba ruta hiyo inaendelea kurusha mawimbi yale yale kwa nguvu ile ile, na kilichoondolewa ni jina tu ndani ya tangazo. Ni sawa na kufuta namba ya nyumba na kuuacha mlango wazi. Mtu mwenye programu ya kunasa mawimbi hulipata jina hilo mara tu simu ya mwenye nyumba inapojiunga na mtandao wake. Isitoshe, simu iliyohifadhi mtandao uliofichwa hulazimika kuuita kwa jina popote inapokwenda ili ijue kama uko karibu, na hivyo humtangaza mwenye simu hata akiwa mbali na nyumbani. Kwa maoni yangu, chaguo hilo lingeondolewa kabisa kwenye ruta za nyumbani, maana linampa mtu utulivu asiostahili kuwa nao.

Sasa nije kwenye sababu za kutaka kuzima. Ninayoiweka mbele ni usalama, kwa kuwa mawimbi hayaishii ukutani. Mtandao wa waya humtaka mwizi aingie ndani ya nyumba. Mtandao wa Wi-Fi humruhusu akae ndani ya gari lililoegeshwa nje, anase mazungumzo ya simu yako na ruta pale zinapojiunga, kisha aende kwake akajaribu kukisia nywila kwa kompyuta bila kuonekana na mtu. Historia ya kinga za Wi-Fi inatufundisha tusijiamini kupita kiasi. Kinga ya kwanza, WEP, ilivunjwa na watafiti mwaka 2001. WPA2, iliyokuja mwaka 2004 na ambayo bado inatumika katika nyumba nyingi, ilikutwa na kasoro kubwa mwaka 2017, pale mtafiti Mathy Vanhoef wa Ubelgiji alipoonyesha jinsi ya kuingilia hatua za kujiunga na mtandao. Kinga hizi zimerekebishwa, na WPA3 ya mwaka 2018 ni bora zaidi, lakini ruta ya zamani isiyopata masasisho hubaki na kasoro zake hadi siku itakapotupwa. Nyumba ambayo watu wamesafiri kwa wiki kadhaa, au ambayo kompyuta yake pekee iko mezani hatua mbili kutoka kwenye ruta, haina sababu ya kubeba hatari hiyo.

Hata hivyo, nisieleweke vibaya. Kuzima Wi-Fi hakumkingi mtu na hatari zinazokuja kwa njia ya intaneti yenyewe. Programu haribifu iitwayo Mirai, iliyoenea mwaka 2016, iliingia katika kamera na ruta kwa kupitia intaneti, ikitumia nywila za kiwandani ambazo wenye vifaa hawakuwahi kuzibadilisha. Mwezi Novemba mwaka huo huo, toleo lake jingine lililolenga mlango ambao makampuni huutumia kusimamia ruta kutoka mbali liliwakatia huduma wateja wapatao 900,000 wa Deutsche Telekom nchini Ujerumani. Kwa hiyo anayezima redio bado anapaswa kubadilisha nywila ya kiwandani na kuruhusu masasisho.

Sababu inayofuata inawahusu zaidi wanaoishi katika majengo ya ghorofa, na ninasikitika kwamba haizungumzwi ipasavyo. Ruta hujitangaza takribani mara 10 kwa sekunde kwa kila jina la mtandao inalorusha, usiku na mchana, hata kama hakuna simu hata moja iliyojiunga. Ikiwa ruta inarusha majina matatu, yaani la mwenye nyumba, la wageni na la kampuni, na inayarusha katika masafa mawili, hayo ni matangazo yanayokaribia 60 kila sekunde kutoka kwenye sanduku moja. Katika gigahezi 2.4 kuna chaneli tatu tu zisizoingiliana, yaani 1, 6 na 11, na matangazo hayo mara nyingi hutumwa kwa kasi ya chini kabisa ili hata kifaa cha zamani kiweze kuyasoma, kwa hiyo huchukua muda mrefu hewani kuliko data za kawaida. Zidisha hali hiyo kwa nyumba ishirini au thelathini zilizopangana, ndipo utaelewa kwa nini mtu anayelipia kasi kubwa huona video ikikwama. Kila nyumba inayotumia waya na kuzima redio zake huwapunguzia majirani msongamano, nao hawatajua hata nani wa kumshukuru.

Ipo pia faragha. Simu zinazopita barabarani husoma namba ya utambulisho ya kila ruta iliyo jirani na kuituma kwa makampuni yanayotengeneza ramani, ambayo huitumia kukadiria mahali simu ilipo. Mwaka 2010 Google ilikiri kwamba magari yake yanayopiga picha za mitaa yalikuwa yamenasa pia sehemu za data zilizokuwa zikipita katika mitandao ya Wi-Fi isiyo na nywila. Baadaye iliweka utaratibu wa mwenye ruta kuongeza _nomap mwishoni mwa jina la mtandao ili asiingizwe kwenye orodha yake, lakini ni wangapi miongoni mwetu waliowahi kuelezwa hivyo? Na teknolojia haijasimama. IEEE, taasisi inayotunga viwango vya Wi-Fi tangu mwaka 1997, imeandaa kiwango cha 802.11bf kinachoviwezesha vifaa kutumia mawimbi hayo kutambua mwendo wa watu ndani ya chumba, na zimekwisha kuuzwa ruta zenye huduma ya namna hiyo. Siipingi teknolojia hiyo, maana inaweza kumsaidia mzee anayeishi peke yake akianguka. Ninachosema ni kwamba mtu ambaye mawimbi ya ruta yake yanaweza kueleza yuko chumba gani anastahili kuwa na njia ya uhakika ya kuyazima.

Kuhusu umeme nitasema machache. Ruta ya kawaida hutumia wati 10 hivi, na redio peke yake ni sehemu ndogo ya hizo, kwa hiyo anayezima Wi-Fi kwa ajili ya kupunguza gharama asitegemee makubwa.

Suala la afya linahitaji maneno mengi zaidi, kwa kuwa ndilo linalowasukuma wengi kuuliza, nami nimeona wakijibiwa ama kwa vitisho ama kwa kejeli. Mwezi Mei mwaka 2011, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, ambalo liko chini ya Shirika la Afya Duniani, liliyaweka mawimbi ya redio katika kundi la 2B, yaani vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani lakini ushahidi wake ni finyu. Uamuzi huo ulitokana zaidi na tafiti za watu wanaoshikilia simu za mkononi sikioni. Kwa upande wa pili, kamati ya kimataifa ya kinga dhidi ya mionzi, ICNIRP, imeweka kikomo cha wati 10 kwa kila mita ya mraba kwa watu wa kawaida katika masafa ya Wi-Fi. Hebu tupige hesabu kidogo. Ruta inayorusha wati 0.1, ambacho ndicho kiwango cha juu kinachoruhusiwa barani Ulaya kwa gigahezi 2.4, hutoa takribani wati 0.008 kwa kila mita ya mraba kwa mtu aliye umbali wa mita 1, hata tukichukulia kwamba inarusha bila kupumzika. Hiyo ni chini ya sehemu moja ya elfu ya kikomo kilichowekwa, na ukisogea hadi mita 2 kiasi hicho hupungua na kubaki robo.

Kwa hiyo siwezi kumwambia mtu kwamba Wi-Fi ya sebuleni itamdhuru, na ninawasihi wanaosambaza vitisho hivyo waache, kwa sababu wanawatia hofu wajawazito na wagonjwa bila msingi. Lakini anayependelea kuyapunguza mawimbi chumbani mwake, hasa pale analala mtoto, hahitaji kuthibitisha madhara kwanza ndipo aruhusiwe kubonyeza kitufe cha kifaa kilichomo nyumbani mwake. Afahamu tu jambo moja: ikiwa atazima Wi-Fi ya ruta kisha akaendelea kutazama video kitandani kwa data ya simu, atakuwa amebadilisha kifaa kilicho mbali kwa kifaa kilicho mkononi, na simu hiyo inaweza kulazimika kurusha kwa nguvu kubwa zaidi ili ifike kwenye mnara. Mwenye lengo hilo azime Wi-Fi na aweke simu katika hali ya ndegeni, la sivyo anajihangaisha bure.

Ufaransa ilikwishaona kwamba hili ni suala la kutungiwa sheria. Sheria yake ya Februari 2015 inakataza Wi-Fi katika sehemu za kulelea watoto walio chini ya miaka 3, na inataka Wi-Fi ya shule za msingi izimwe wakati haitumiki kwa masomo. Sheria hiyo pia imegusa maelekezo yanayoambatana na vifaa, kwamba yaeleze wazi jinsi ya kuwasha na kuzima intaneti isiyo na waya. Sehemu hii ya maelekezo ndiyo ninayoitamani kuliko zote, kwa sababu haimlazimishi mtu kuamini lolote kuhusu afya. Inamtaka mtengenezaji aseme tu swichi iko wapi.

Hapo, Ndugu Mhariri, ndipo wateja wengi wanapokwama. Chukua ruta yoyote uigeuze nyuma. Kwenye baadhi utakuta kitufe kilichoandikwa Wi-Fi au WLAN, na ukikibonyeza kwa sekunde chache taa yake huzimika. Hizo ndizo ruta zilizotengenezwa kwa heshima ya mtumiaji. Kwenye nyingine kitufe hicho kina kazi mbili: ukikibonyeza mara moja na kukiachia unafungua WPS, njia ya mkato inayoruhusu kifaa kipya kujiunga bila nywila kwa muda wa dakika 2, na ukikishikilia zaidi ndipo unapozima redio. Maana yake ni kwamba mtu aliyekusudia kufunga mtandao wake anaweza kuufungua kwa kosa la sekunde moja la kidole. Zipo hata ambazo kitufe cha WPS ndicho hicho hicho cha kurudisha ruta katika hali ya kiwandani, na anayekishikilia kwa muda mrefu akitumaini kuzima Wi-Fi hufuta mipangilio yake yote, kisha redio zote huwaka upya kwa nywila iliyo kwenye stika. WPS yenyewe ina historia mbaya. Mwaka 2011 mtafiti Stefan Viehböck alionyesha kwamba namba yake ya siri yenye tarakimu 8 hukaguliwa kwa vipande viwili, na kwa kuwa tarakimu ya mwisho ni ya uhakiki tu, anayeikisia hahitaji majaribio ya mamilioni bali yasiyozidi 11,000.

Ruta isiyo na kitufe humpeleka mteja kwenye ukurasa wa mipangilio, ambao hufunguliwa kwa kuandika namba kama 192.168.1.1 au 192.168.0.1 kwenye kivinjari. Ninawashauri wasomaji wachomeke kompyuta kwa waya kabla ya kuufungua ukurasa huo. Anayeufungua kwa simu kupitia Wi-Fi hukatika papo hapo anapobonyeza neno la kuzima, na asipokuwa na waya hana tena njia ya kurudi ila kurudisha ruta katika hali ya kiwandani. Kompyuta nyembamba za siku hizi nyingi hazina tundu la waya, lakini adapta ndogo ya USB inatosha, na adapta ya namna hiyo hufanya kazi pia kwenye simu nyingi za kisasa. Ndani ya ukurasa wa mipangilio, kila redio huwa na sehemu yake. Mtu huzima ya gigahezi 2.4, akaona taa ingali inawaka, akadhani kifaa ni kibovu, kumbe ya gigahezi 5 iko kwenye ukurasa mwingine, na mtandao wa wageni uko kwenye ukurasa wa tatu.

Lililonifanya nishike kalamu, hata hivyo, ni jambo zito zaidi ya ugumu wa kurasa. Katika nyumba moja niliyoombwa kusaidia, tulizima redio zote mbili na mtandao wa wageni, taa ya Wi-Fi ikazimika. Kisha nikafungua kwenye simu yangu programu ya kupima nguvu ya mawimbi, na nikaona jina moja lenye chapa ya kampuni likiwa na nguvu kuliko majina yote ya majirani. Nilitembea nalo chumba hadi chumba. Jikoni lilishuka, koridoni likapanda, na nilipoisogeza simu hadi kugusa ganda la ruta lilifika kiwango cha juu kabisa. Sanduku lililokuwa mbele yetu, taa ikiwa imezimwa, lilikuwa linarusha mtandao wa pili kwa ajili ya wateja wengine wa kampuni wanaopita karibu, na hapakuwa na mahali popote kwenye ukurasa wa mipangilio pa kuuzima. Ilibidi kupiga simu huduma kwa wateja, ambako mhudumu alijibu kwanza kwamba mtandao huo haupo, kisha akasema haumhusu mwenye nyumba, na mwishowe akauzima kutoka huko aliko. Wiki chache baadaye, baada ya masasisho ya usiku, mtandao wa kampuni na Wi-Fi ya mwenye nyumba vyote vilikuwa vimewaka tena.

Najua wahandisi wana maelezo yao. Masasisho makubwa wakati mwingine huandika mipangilio upya, na kampuni zinazogawa mtandao wa wapita njia hueleza kwamba umetenganishwa na wa mwenye nyumba na haumpunguzii kasi. Sina ugomvi na utenganisho huo. Ninachokataa ni taa inayosema imezimwa wakati antena inarusha. Mwenye nyumba ndiye anayelipia umeme wa sanduku hilo, ndiye aliyelipa nafasi kwenye rafu yake, na uamuzi wake wa kuzima redio haupaswi kudumu hadi usiku wa masasisho tu.

Ninaandika haya nikijua kwamba kuna nyumba ambazo hazifai kuzima kabisa, na ningekuwa nimekosea kutozitaja. Mahali ambapo mawimbi ya simu za mkononi ni hafifu, watu hupiga simu kwa kupitia Wi-Fi, na kuizima usiku kunaweza kumnyima mgonjwa njia ya kuomba msaada. Kengele za wezi, kamera za mlangoni na baadhi ya vifaa vya kufuatilia afya hutegemea Wi-Fi pia. Kabla ya kuzima, kila mtu aorodheshe vifaa vilivyounganishwa, orodha ambayo ukurasa wa ruta huionyesha, na ajue kila kimoja ni kipi. Kwa nyumba za namna hiyo ratiba inaweza kufaa zaidi: ruta nyingi zinaweza kuzima redio zenyewe saa fulani na kuziwasha saa nyingine, mradi saa ya ndani imewekwa sawa na eneo la mwenye nyumba, maana ruta haina macho ya kuona kwamba kumekucha. Zipo pia zinazoruhusu kupunguza nguvu ya redio hadi robo au nusu bila kuizima, na kwa nyumba ndogo hiyo mara nyingi inatosha kabisa.

Kwa mamlaka zinazosimamia mawasiliano, na kwa makampuni yanayogawa ruta, ombi langu ni hili. Kila ruta inayokabidhiwa kwa mteja iwe na kitufe kimoja cha nje, kisicho na kazi nyingine, kinachozima redio zote zilizomo, pamoja na ile ya mtandao wa kampuni. Taa ya Wi-Fi iwake pale tu kuna redio inayorusha, na izimike pale tu hakuna hata moja. Mipangilio ya mteja kuhusu redio ihifadhiwe masasisho yanapoingia, na ikiwa haiwezekani, apewe taarifa siku hiyo hiyo. Kadi ya maelekezo iliyomo ndani ya boksi ieleze kwa lugha anayoisoma mteja namna ya kuzima na namna ya kuwasha tena, kwa maandishi yanayosomeka bila kioo cha kukuzia.

Nimalizie na matundu ya waya, kwani yameanza kutoweka. Baadhi ya ruta mpya, hasa zile ndogo zinazopangwa kadhaa ndani ya nyumba ili kusambaza Wi-Fi, zimebaki na tundu moja au mawili, na mteja anayetaka kuzima redio hana pa kuchomeka televisheni baada ya kompyuta. Kifaa kidogo cha kugawa matundu huweza kuziba pengo hilo, lakini mteja asiachwe akitafute mwenyewe. Kampuni zirudishe matundu manne kwenye ruta za nyumbani, na zitie ndani ya boksi waya wenye urefu wa kutoka sebuleni hadi chumba cha pili, badala ya ule mfupi wa mita moja unaofika tu kwenye meza iliyo jirani na ruta.

Wako katika kujenga,
Msomaji wako